Mwenye Dukati wa Mabawa: Maisha ya Rafaeli Shekiondo, 1946–2024

Wachungaji, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliopanda mlima na jua hili. Habari iliyomo katika karatasi hii hakuna atakayeiamini, na asiyeamini asijisumbue kumuuliza jirani yake, maana jirani naye hataamini. Ni habari ya mtu aliyekuwa na dhahabu ya Kijerumani yenye umri wa karibu miaka mia nne, akaigeuza sukari na mafuta ya taa kwa ajili ya mke, kisha akaitamani miaka hamsini na minne bila kumlaumu mke hata siku moja. Familia ilitaka wasifu huu uandikwe na msomi. Wakapatikana wasomi watatu, wakabishania tarehe mpaka chai ikapoa. Ndipo kalamu ikapewa Timotheo, mtoto wa mjomba wa marehemu, ambaye watoto wa nyumba hii wanamwita mjomba, na ambaye aliachia masomo darasa la sita baada ya kuona la saba halina jipya. Binamu ni mtani, na mtani hafukuzwi msibani. Atakayeudhika amlaumu marehemu mwenyewe, kwani ndiye aliyeagiza: "Aandike Timotheo. Chumvi ataizidisha, lakini nyama hataisahau."

Marehemu Rafaeli Shekiondo alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Machi 1946, huko Amani, katika wilaya ya sasa ya Muheza, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Elifasi Shekiondo na Mama Miriamu. Siku hiyo mvua ilinyesha hata mkunga akakwama kwenye utelezi, na marehemu alipenda kujisifu kwamba alijizalisha mwenyewe.

Babu yake alikuwa mtunza vitalu katika bustani ya utafiti ya Wajerumani. Bwana wake alikuwa mtaalamu wa mimea, kapera, mpole, mtu wa kuiamkia miche asubuhi kabla ya kuwaamkia watu. Wenyeji walimwita Bwana Mbegu. Vita ilipopanda milimani mwaka 1916 na Wajerumani wakahama, Bwana Mbegu alimwita babu kitaluni, akamtia kitu kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja. "Nitarudi kuichukua," akasema. Hakurudi. Kitu chenyewe kilikuwa sarafu ya dhahabu, nyembamba, upana wake haufiki wa kifuniko cha soda. Upande mmoja mwanakondoo amebeba bendera, upande wa pili mji wenye minara, na chini ya mji umeandikwa mwaka 1650. Sasa, watu wa mkoa huu mnajulikana. Mkisikia dhahabu ya Mjerumani mnakimbilia majembe, mnachimba misingi ya maboma mpaka boma linawaangukia. Wale wazee wa Amani hawakuwa na haja ya kuchimba. Waliifunga sarafu kwenye kitambaa, wakaizamisha ndani ya kibuyu cha mbegu za maboga, wakamsubiri mwenyewe.

Mwaka 1951 marehemu, mwenye umri wa miaka mitano, aliikuta humo akadhani ni peremende. Akaiuma. Dhahabu safi ni laini, na jino liliacha kovu juu ya mnara mmoja. Babu hakumpiga. Alimkalisha mbele yake akamwambia, "Mjukuu wangu, hii si yetu, ni amana. Mwenyewe akija atauliza nani ameuma mji wake. Utamjibu nini?" Swali hilo mtoto alilala nalo.

Alianza shule ya misheni mwaka 1954 na kumaliza darasa la nane mwaka 1961. Alikuwa na mwandiko mzuri na hesabu za wastani. Timotheo alikuwa na hesabu nzuri, ila walimu hawakulitambua jambo hilo. Mwaka 1959 alipita mchungaji mgeni aliyejua Kijerumani. Mzee Elifasi akamfungulia kile kitambaa. Mchungaji aliinama, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Hii inaitwa dukati," akasema. Akaeleza kwamba dukati kama hizo zilipigwa kushangilia amani baada ya vita virefu vya huko kwao, na kwamba wazazi wa ubatizo walikuwa wakiwapa watoto siku ya kubatizwa. Basi Bwana Mbegu hakuacha akiba yake mikononi mwa babu. Aliacha ubatizo wake. Tangu siku hiyo marehemu hakuiita tena sarafu. Alisema dukati, polepole, kama mtu anayetaja jina la mtoto aliyelala.

Mwaka 1963 aliajiriwa katika stoo ya mbegu palepale Amani. Kazi yake ilikuwa kubandika majina ya Kilatini kwenye mifuko, majina marefu kuliko mbegu zenyewe. Baba yake alipofariki mwaka 1968, kibuyu na amana yake vikawa juu yake.

Pasaka ya mwaka 1970, kwenye mkutano wa kwaya huko Muheza, alimwona Dorkasi binti Yona kutoka Maramba, mwimbaji wa sauti ya pili. Aliporudi kazini alibandika jina moja kwenye mifuko saba. Ikabidi posa ipelekwe upesi kabla misitu ya Usambara haijaharibika. Mjomba aliyekuwa awe mshenga alishikwa na homa, na Timotheo, akiwa na miaka ishirini na miwili na suti ya kuazima, akapanda gari la kwenda Maramba.

Mzee Yona alikuwa mkulima wa machungwa, mkali kama machungwa yake, na sikio lake la kushoto lilikuwa limestaafu. Timotheo aliamkia, akakaribishwa, akakalishwa upande wa kushoto.

"Kijana wenu ana kazi?" Mzee Yona akauliza.

"Anayo, mzee. Anabandika karatasi."

"Karatasi!" Mzee akamgeukia mkewe. "Mama Dorkasi, umesikia? Binti yako atakwenda kula gundi."

Timotheo aliona posa inamponyoka. Akakumbuka kitu kimoja chenye uzito nyumbani kwa akina Shekiondo, akakitaja kwa sauti ya kumfikia kiziwi: "Mzee, kijana ana dukati!"

"Ana duka, ati?" Mzee Yona akanyooka kitini. "Mbona hukusema tangu mwanzo? Liko wapi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo palipokuwa pa kusahihisha. Mtu mwenye akili ndogo angesahihisha.

"Mabawa, mzee. Tanga mjini."

"Lina nini?"

"Sukari, mafuta ya taa, khanga, misumari. Na mizani mpya."

"Mizani ya kweli?"

"Haijui kudanganya, mzee," akajibu Timotheo, ambaye yeye alijua.

Posa ikapokelewa. Ndoa ikapangwa Jumamosi, tarehe 26 Septemba 1970, na Mzee Yona akaahidi kumleta binti kwa mkono wake mwenyewe, alione duka. Marehemu aliposimuliwa hayo alikaa juu ya gunia la mbegu.

"Rudi kamwambie ukweli," akasema.

"Atauliza kwa nini huo ukweli sikuja nao safari ya kwanza."

"Timotheo, mimi sina duka."

"Una miezi mitatu," Timotheo akamwambia. "Mungu aliumba dunia kwa siku sita, na yeye hakuwa na binamu wa kumsaidia."

Marehemu hakucheka. Siku ya nne alikifungua kibuyu, wakateremka wote wawili mpaka Tanga, Ngamiani, Barabara ya Nane, nyumbani kwa Bwana Yaarub. Huyu alikuwa mfanyabiashara, mwenye minazi na vyumba vya kupangisha, na ugonjwa wake ulikuwa sarafu za kale. Alikuwa nazo za riale, rupia, pesa, na zile hela za Mjerumani zilizotuachia neno lake. Kila wiki watu walimletea vyuma vya kutu wakidai ni sarafu ya ndovu, ile ya dhahabu iliyopigwa Tabora wakati wa vita. Kwa hiyo marehemu alipotamka dhahabu ya Mjerumani, Bwana Yaarub hakuinua hata kichwa.

"Ndovu?" akauliza.

"Hapana, bwana. Kondoo."

Hapo akainua. Kitambaa kikafunguliwa. Kahawa ya Bwana Yaarub ilipoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa.

"Unaiuza?"

"Haiuzwi. Ni amana."

"Sasa umeniletea ya nini, kunitesa?"

"Nataka duka," akasema marehemu, na machozi yakamtoka mbele ya watu.

Walikubaliana kwa mdomo. Bwana Yaarub atampa chumba cha barabarani Mabawa pamoja na bidhaa zote alizozitaja Timotheo kule Maramba, mpaka mizani. Dukati itakaa kwake, na mwenyewe au mrithi wake akitokea, watamkabidhi kwa pamoja. Na kila Jumamosi marehemu atakuwa na haki ya kuja kuitazama. Bei haikutajwa, ingawa Timotheo alikohoa mara tatu ili itajwe.

Siku ya ndoa Mzee Yona aliingia dukani kabla ya kuingia kanisani. Akapima ngumi ya sukari kwenye mizani, akaitazama sindano, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Duka hilo mnalijua wote. Limewalea watoto wanne na limewakopesha nusu ya mnaolia hapa.

Shemeji Dorkasi alikuja kuijua siri hiyo mwaka 1985. Timotheo ndiye aliyeitoa, kwa bahati mbaya, kwenye kipaimara cha mtoto wa kwanza.

"Kwa hiyo mimi nilibadilishwa na kondoo?" akamuuliza mumewe.

"Mwanakondoo," akasema marehemu. "Wa dhahabu."

Shemeji akaenda kutenga chakula. Ndipo akauliza, "Unajuta?"

"Sijuti. Naitamani tu."

"Kuna tofauti gani?"

"Ningekuwa najuta, wali wako usingepita kooni."

Tangu siku hiyo ni shemeji Dorkasi aliyempigia pasi shati la Jumamosi. Saa nne marehemu alifunga duka na kwenda Ngamiani kwa miguu. Bwana Yaarub alitandika kitambaa cheusi mezani, akaiweka dukati katikati, na binti yake Shamsiya akaleta kahawa na halua. Wazee wale wawili, mmoja ametoka msikitini jana, mwingine anakwenda kanisani kesho, waliinamia duara lile dogo kama watu wanaochungulia kisima.

"Unaitazama mali yangu kama mtu anayemtazama mke wa mwenziwe," Bwana Yaarub alimchokoza.

"Mke alikuwa wangu, bwana. Wewe umeoa mtalaka."

Bwana Yaarub aliandika barua Ujerumani kuwauliza wakusanyaji wa huko. Wakamjibu upesi mno, jambo ambalo lilimtia hofu. Walisema dukati za namna hiyo zinazojulikana duniani ni sita, na wengine walikuwa wameitafuta ya saba maisha yao yote. Wakaomba waje. Bwana Yaarub akazifungia barua kabatini. "Watakuja na adabu," akasema, "na mtu mwenye adabu ni vigumu kumnyima." Nayo tamaa ya mkusanyaji, kama alivyoeleza marehemu, si kama ya mlafi. Mlafi akila hushiba. Mkusanyaji akipata, huanza kuogopa.

Bwana Yaarub alifariki Julai 1998. Urithi uligawanywa na wanawe waliokuwa ng'ambo, na boksi zima la sarafu, lililochukuliwa wakati wa matanga Jumamosi zikiwa zimesimama, likauzwa huko Muskati na mtoto mmoja ambaye hakuwa ameambiwa lolote. Makubaliano ya mdomo yalizikwa na mdomo wake. Shamsiya alikuja dukani Mabawa mwenyewe, hakutuma mtu.

"Shikamoo, ami Rafaeli. Boksi limeuzwa. Nimejua leo, na limeuzwa mwezi uliopita."

Marehemu alishika ukingo wa meza. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Pole na msiba," akampimia sukari ya hitima, akamsindikiza mpaka barabarani.

Jumamosi iliyofuata shemeji Dorkasi alidhani shati halitahitajika. Lilihitajika. Shamsiya akatandika kitambaa kile cheusi, akaleta kahawa, wakakaa. Juu ya kitambaa hapakuwa na kitu. Waliendelea hivyo miaka ishirini na moja bila habari yoyote ya dukati. Timotheo aliwahi kumfuata akamkuta ameinama juu ya kitambaa kitupu, akamuuliza anatazama nini. "Mahali pake," akajibu.

Mwaka 2019 mjukuu wake Brightness, akiwa mwanafunzi wa chuo, alikuwa akimtafutia babu mambo ya sarafu kwenye simu, na ikatokea picha ya mnada mmoja Ujerumani. Mwanakondoo, bendera, minara. Marehemu alimwambia akuze picha. Akuze tena. Juu ya mnara wa kushoto palikuwa na kovu la jino la mtoto wa miaka mitano. Marehemu aligusa meno yake kwa kidole, akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati.

Hakuuliza imeuzwa kwa kiasi gani. Alitaka tu Brightness aandike barua ya kumfikia aliyeinunua. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, kutoka kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye baba yake alikuwa akiitafuta dukati ya saba mpaka akafa. Alisema wakusanyaji wengine waliikataa kwa sababu ya kovu, naye ameinunua kwa sababu hiyohiyo, maana aliona ni jino, na usiku mwingi amekuwa akijiuliza la nani. Marehemu akaamuru ijibiwe: "Ni langu, mama. Nilikuwa na njaa. Naomba radhi kwa mji." Hivyo swali la babu yake likapata jibu baada ya miaka sitini na minane, ingawa lililetwa na mwingine.

Mama huyo alichimbua vitabu vya makanisa ya kwao, akamkuta Bwana Mbegu. Alifariki mwaka 1919, bila mke wala mtoto. Alikuwa na nia ya kurudi, hakuwahi tu. Marehemu aliposikia alivua kofia. "Basi sina wa kumkabidhi," akasema. "Lakini niishike mara moja. Nikifika kwa babu nimwambie kwa kiganja changu kwamba iko salama." Mama yule akaahidi kuileta Tanga kwa mkono wake. Safari ya kwanza ilizuiwa na korona. Ya pili ilizuiwa na nyonga yake, iliyopasuliwa. Kila mara aliandika kuomba radhi, na kila mara marehemu alipaka upya rangi mlango wa duka kumpokea.

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na kisukari. Aliyeuza sukari nusu karne, sukari ikamfuata damuni. Alitibiwa kwa uangalifu, akafuata masharti yote isipokuwa la halua ya Jumamosi. Septemba mwaka huu figo zilichoka, akalazwa Tanga mjini, na Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa tano asubuhi, akaitwa. Alikuwa na miaka sabini na minane.

Ameacha mjane, Mama Dorkasi, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wawili, binti mmoja wa kahawa, Bi Shamsiya, aliyeketi na wafiwa leo, binamu mmoja asiye na mfano wilaya nzima, na dukati moja iliyoko ugenini. Mwenyezi Mungu ampe utulivu wa mwenye duka aliyefunga mlango na kuweka funguo mezani, ingawa kitu kimoja hakijarudi mahali pake.

Familia imeomba pia yawekwe maneno yake ya mwisho kwa Timotheo, kwa kuwa wodini walikuwa wawili tu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku moja kabla. Brightness alikuwa amekwisha kumsomea Timotheo, nje ya wodi, ujumbe wa mama wa Ujerumani: daktari wake hamruhusu kupanda ndege mpaka mwaka mpya upite. Marehemu alikuwa amefumba macho.

"Mama amefika wapi?" akauliza.

Timotheo alitazama dirisha. Kisha akavuta kiti.

"Yuko Horohoro, mpakani," akasema. "Ametokea Mombasa. Nimezungumza naye mwenyewe, kwa Kijerumani. Dukati ameivaa kifuani, inang'aa hata askari wa mpaka wameomba miwani. Na ana magari matatu, Rafaeli. La kwanza lina king'ora, la pili lina bendera kubwa kama ya yule mwanakondoo, na la tatu limejaa—"

Marehemu alifumbua jicho moja, akamshika mkono.

"Timotheo," akasema, "sema tu 'bado hajafika.' Hiyo 'bado' naiweza."